Saa Moja ya Kyungu

Kutoka Luano hadi Ndjili
ni kilomita elfu moja na mia tano na ushee.
Ndeke hula saa mbili na robo, na nusu upepo ukikataa.
Nayajua haya kama nijuavyo bei ya makala
katika soko la Kenya, Kenya yetu hii ya mtaani,
kwa maana huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili
kwenye mizani ya Luano,
napima masanduku, magunia ya finkubala kavu,
unga wa mahindi wa kupelekea watu waliochoka mihogo.
Abiria huniuliza, "Ni mbali, mama?"
Nawatajia kilo zao.

Ila saa za ukutani haziambiani kweli.
Anayeruka hapa saa nne asubuhi
anatua kule saa tano na robo.
Saa nzima anarudishiwa mkononi, kama chenji,
wala haulizwi alinunua nini.

Kyungu alitoka wa kwanza.
Mimi Kabange nilichelewa dakika arobaini;
mkunga alikuwa ameshanawa mikono
alipoitwa: rudi, yumo mwingine.
Dakika arobaini hizo zilimlisha maisha yake yote.
Firigisi yake. Kitanda cha dirishani chake.
Hata surua aliipata mbele yangu, akaringa nayo.

Siku aliyohamia Kinshasa nilimpima mimi.
Kilo ishirini na tatu; nikaandika ishirini.
"Mdogo wangu mwizi," akasema.
Nenda tu, utaona.
Nilikuwa nimeshapiga hesabu:
saa moja, toa dakika arobaini,
na tangu gurudumu lile liguse Ndjili
kila mwaka wetu mpya mimi nauingia mbele,
naukanyaga dakika ishirini kabla yake.
Nilikuwa nampigia simu usiku huo, kila mwaka:
"Niamkie! Mkubwa ni mimi."
Naye, mdomoni ana chakula:
"Ngoja kwanza. Hapa bado."

Mama alikata pumzi saa sita na nusu usiku,
Jumapili imeanza tu, kule Katuba,
umeme hakuna,
namulika uso wake kwa simu.
Simu ileile ndiyo niliyompigia Kyungu.
Kwake saa tano na nusu, Jumamosi.
Nikasikia sufuria, redio ya jirani,
mtu anacheka kicheko cha Jumamosi.
Nikamwambia.
Akanyamaza. Halafu polepole,
kama anayembembeleza mtoto mkaidi:
"Hapa bado, Kabange.
Hapa ni jana. Hapa mama yupo."

Sikumbishia.
Maisha yangu yote nilikuwa nikimbishia.
Nilikaa naye kwenye laini, bila neno,
mpaka salio likaisha.

Kurudi, ile saa inadaiwa.
Unatoka Ndjili saa nne, unafika saa saba na robo,
na hakuna atakayekueleza imekwenda wapi.
Jumatatu nikamwona akishuka ngazi za ndeke,
viatu mkononi, miguu imevimba.
Saa yake ya mkono ilisema saa sita na robo.
Nilimshika kifundo, nikakigusa
kile kidude kidogo cha kuzungushia mishale.
Nikakiacha.

"Fundi wa msalaba anangoja tarehe," nikasema.
"Tuandike ipi?"
Akatazama kule kwenye rundo jeusi la mabaki ya shaba
ambalo mama alizoea kuliita mlima.
"Wewe ndiye mkubwa," akasema.

Abiria anayefika hapimwi.
Nilimpima.
Kilo tisa: kitenge, kandambili,
na chikwanga mbili zimefungwa majani yake,
alizomnunulia mama
Jumamosi.